Jinsi ya kuuza kampuni ya programu uliyoijenga kwa fedha zako mwenyewe

Mnunuzi mkubwa akikutafuta, neno kununua halitajwi siku ya kwanza. Utapigiwa simu na mtu wa benki, wa kampuni ya simu au wa msambazaji mkubwa wa bidhaa, naye atakuambia: "Kaka, mfumo wenu tunauona kwa wateja wetu wengi. Tukutane tuone namna ya kushirikiana." Mtakutana Masaki au Posta, mtakunywa kahawa, na kabla hamjaagana atauliza mna wateja wangapi na data zao zinakaa wapi. Hapo mazungumzo ya kuuza yameshaanza, uwe umejiandaa au la.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyejenga kampuni yake hapa Dar es Salaam bila fedha za mwekezaji, kwa akiba ya mshahara, mkopo wa ndugu na ada za wateja wa mwanzo. Mtu huyo ana kitu ambacho kampuni zilizochukua fedha za wawekezaji hazina: hakuna anayemhimiza auze. Mfuko wa uwekezaji una tarehe ya kurudisha fedha za wenyewe, kwa hiyo siku moja lazima wauze. Wewe unaweza kusema hapana leo, kesho ukafungua ofisi na wateja wakalipa kama kawaida. Bei nzuri inatoka hapo. Hatua zote zinazofuata zinalinda huo uwezo wa kukataa mpaka siku ya kusaini, maana mnunuzi mzoefu ataupunguza kidogo kidogo, tena bila ubaya wowote, kwa sababu ndiyo kazi aliyotumwa.

Hatua ya 1: Jua anachokitaka kwako

Mnunuzi anayetafuta faida tu huangalia faida yako ya mwaka, akaizidisha mara kadhaa, akakupa bei. Mnunuzi wa kimkakati huangalia biashara yake mwenyewe na kujiuliza itakuwaje ukiwa ndani yake. Mwaka 2021 kampuni ya Intuit ya Marekani ilikubali kuinunua Mailchimp kwa takriban dola bilioni 12. Mailchimp ilianzishwa mwaka 2001 na waanzilishi wake hawakuwahi kuchukua fedha za wawekezaji. Intuit tayari ilikuwa inawauzia wafanyabiashara wadogo programu ya hesabu ya QuickBooks. Mailchimp ilikuwa inawasaidia wafanyabiashara wale wale kutafuta wateja. Bei ile huwezi kuielewa kwa kutazama vitabu vya Mailchimp peke yake.

Tulete hapa kwetu. Chukua mfano wa kampuni yenye mfumo wa maduka ya dawa: maduka 400, kila moja linalipa Sh 60,000 kwa mwezi. Mapato ni Sh milioni 24 kwa mwezi, Sh milioni 288 kwa mwaka. Baada ya mishahara, seva, SMS na pango, tuseme inabaki faida ya Sh milioni 90. Anakuja msambazaji wa dawa mwenye ghala Kariakoo na magari yanayozunguka mjini. Kupitia mfumo huo, duka litaagiza mzigo kwake moja kwa moja stoo inapopungua. Kila duka likiongeza oda ya Sh 500,000 tu kwa mwezi, hiyo ni Sh milioni 200 za mauzo mapya kwake. Akibakiwa na asilimia 10, ni Sh milioni 20 kwa mwezi, yaani Sh milioni 240 kwa mwaka. Wewe ukijadili bei kwa kuitazama milioni 90 yako, yeye anatazama 240.

Hesabu hii lazima uifanye mwenyewe kabla ya mkutano wa pili, na takwimu zake huzipati kwake. Unazipata kwa wateja wako. Waulize wananunua kwa nani, mara ngapi kwa wiki, gari linafika saa ngapi, wakikosa dawa wanampigia nani. Kazi ya wiki moja ya kuzunguka Mbagala, Tandika na Kimara itakupa picha ambayo mnunuzi hatakuonyesha.

Atakuambia kwamba vijana wake wanaweza kutengeneza mfumo kama huo ndani ya miezi michache. Usibishane naye, kwa sababu wanaweza. Kisichotengenezwa kwa miezi michache ni yule dada wa kaunta pale Mbagala Rangi Tatu ambaye vidole vyake vimeshazoea: anaandika herufi tatu za jina la dawa, anachagua, anatoa risiti ya TRA (Mamlaka ya Mapato), huku anamwelekeza mgonjwa ameze vidonge viwili asubuhi na viwili usiku. Kumfikisha hapo ilibidi mtu wako akae naye dukani, aingize stoo yote, arudi alipokwama. Zidisha mara 400. Hicho ndicho unachouza, na kiseme kwa maneno hayo hayo.

Hatua ya 2: Safisha makaratasi kabla hujaulizwa

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayowapotezea wauzaji wa Dar fedha nyingi zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kasoro atakayoigundua mnunuzi itageuzwa kuwa punguzo, na ataigundua wakati wewe umeshachoka na unataka kumaliza. Anza hata kama hakuna aliyepiga simu bado.

Anzia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Je, wanahisa walioandikwa ndio wenye kampuni kweli? Kampuni nyingi ndogo zilisajiliwa kwa kuweka jina la kaka, mke au rafiki wa chuo ili jina la pili lipatikane. Rafiki huyo sasa yuko Mwanza au Toronto, hajaingia ofisini miaka yote, lakini saini yake inahitajika. Mtafute sasa, wakati hakuna fedha mezani. Akishasikia kuna mnunuzi, hisa zake 10 zitakuwa na bei nyingine kabisa. Hakikisha pia ritani za mwaka zimewasilishwa zote na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaofaidika na kampuni kweli, zimejazwa.

Kisha TRA. Rudi kwenye mfano wetu wa Sh milioni 288. Tangu Julai 2023, anayefikisha mauzo ya Sh milioni 200 kwa mwaka anatakiwa kusajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 18. Kama kampuni ilivuka kiwango hicho na haikusajiliwa, mnunuzi atakaa na mhasibu wake na kupiga hesabu. Hata ikichukuliwa kwamba kodi ilikuwa ndani ya bei, deni ni karibu Sh milioni 44 kwa kila mwaka, kabla ya riba na adhabu. Hiyo ni karibu nusu ya faida yako. Ukienda TRA mwenyewe mapema na mshauri wa kodi, mnaweza kukubaliana namna ya kulipa. Jambo hilo hilo likiibuliwa na mnunuzi, atakata deni lote kwenye bei na kuongeza punguzo jingine la tahadhari juu yake. Angalia pia PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia) za wafanyakazi, hasa wale "wa muda" ambao wamekaa miaka mitatu.

Halafu njia za malipo. Hapa kuna jambo dogo linaloonekana kwenye kampuni nyingi: Lipa Namba au laini inayopokea ada za wateja imesajiliwa kwa jina la mwenye kampuni. Fedha ni za kampuni, lakini taarifa ya simu inasema ni za mtu binafsi, zimechanganyika na ada ya shule ya watoto na michango ya harusi. Mkaguzi hawezi kuthibitisha mapato ya namna hiyo, na mapato yasiyothibitika hayapewi bei. Fungua namba kwa jina la kampuni, wahamishe wateja wote, na acha ipite walau miezi 12 ya kumbukumbu safi.

Msimbo wa programu nao una mwenyewe, na huenda si wewe. Kijana aliyeandika toleo la kwanza akalipwa kwa M-Pesa bila mkataba anaweza kudai ni kazi yake. Mwandikie hati ya kuhamisha haki zote kwa kampuni, mlipe kitu cha haki kwa saini hiyo, wakili ashuhudie. Fanya hivyo hivyo kwa kila aliyewahi kugusa msimbo, pamoja na wewe mwenyewe: kama ulianza kuuandika kabla kampuni haijasajiliwa, haki ziko kwako na lazima zihamie kwenye kampuni. Orodhesha programu huria zote mlizotumia na leseni zake, kwa sababu leseni za aina ya GPL, zinazotaka msimbo uwe wazi kwa anayepewa programu, zina masharti yatakayomhusu mnunuzi akitaka kusambaza mfumo. Domeini, akaunti za seva, akaunti ya Play Store na jina linaloonekana kwa anayepokea SMS zenu vyote viwe kwa anwani ya barua pepe ya kampuni.

Mikataba ya wateja ipitie kwa jicho la mnunuzi. Kuna kifungu kinachokataza kuhamisha mkataba au kinachompa mteja haki ya kuondoka umiliki ukibadilika? Kuna bei zilizoandikwa kwa dola? Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Mkataba na hoteli ya Zanzibar wenye bei ya dola 100 kwa mwezi uandikwe upya kwa shilingi.

Na data. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili PDPC, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za afya ni nyeti mbele ya sheria hiyo. Mfumo wa dawa wenye majina ya wagonjwa na dawa walizonunua hauwezi kukabidhiwa kwa msambazaji kama orodha ya bidhaa. Tenganisha mapema taarifa za stoo na taarifa za wagonjwa. Nalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote la sheria, kwa sababu mgonjwa aliyenunua dawa yake Temeke hakukubali isomwe na mtu wa masoko.

Hatua ya 3: Tafuta mnunuzi wa pili

Mnunuzi mmoja hana haraka. Andika majina ya kampuni tano au sita ambazo zingefaidika kuwa na wewe: msambazaji mwingine, benki inayotaka kukopesha maduka hayo, kampuni ya bima, kampuni ya programu ya Nairobi inayotaka kuingia Tanzania. Omba kikao cha kushirikiana kweli kweli na wawili kati yao. Hata wasiponunua, utajua wengine wanakuonaje. Usimdanganye mnunuzi wa kwanza kwamba kuna ofa ambayo haipo. Mji huu ni mdogo na watu hawa wanajuana.

Hatua ya 4: Toa taarifa kwa ngazi

Mkataba wa kutunza siri usainiwe kabla ya takwimu yoyote. Uandikwe wazi kwamba hawataajiri wafanyakazi wako wala kuwafuata wateja wako kwa muda fulani hata kama biashara haikufika mwisho. Baada ya hapo toa jumla: mapato kwa mwezi, wateja wangapi wameondoka, gharama. Majina ya wateja weka namba, "Duka 001" na kuendelea. Msimbo wasiuone mpaka mwishoni, tena kwenye kompyuta yako, ofisini kwako. Akikukasirikia kwa hilo, jibu kwa upole: "Dada yangu, tukifika kwenye mkataba utaona kila kitu. Kwa sasa naomba tuelewane hivyo." Mnunuzi makini atakuheshimu zaidi.

Hatua ya 5: Barua ya nia

Barua hii inataja bei, namna ya kulipa na mambo makuu. Kwa kawaida bei iliyomo haimfungi mtu, lakini kuna kifungu kimoja kinachofunga: kwamba hutazungumza na mnunuzi mwingine kwa muda fulani. Hapa ndipo uwezo wako wa kukataa unapoanza kupungua, kwa hiyo kifungu hicho kitoe kwa bei. Kabla ya kusaini una nguvu zako zote. Baada ya kusaini kila siku inayopita ni yao. Siku 45 zinatosha kwa kampuni ndogo yenye makaratasi safi. Siku 120 kataa. Andika kwamba muda ukiisha, au wakishusha bei, uko huru siku hiyo hiyo bila barua nyingine. Na mambo yote magumu, malipo ya baadaye, kazi yako baada ya mauzo, nani analipa kodi gani, yaingie hapa. Ukiyaacha "tutayaongea na mawakili", utayaongea ukiwa umeshafungwa.

Wakili apatikane kabla ya barua hii, aliyewahi kushughulikia uuzaji wa hisa. Wakili wa viwanja na mirathi, hata awe ndugu, hatajua pa kubana.

Hatua ya 6: Uhakiki, na biashara iendelee

Watakuja na orodha ya maswali 200. Mweke mtu mmoja wa kujibu, ikiwezekana mhasibu wako, na wewe bakia kwenye wateja. Mauzo yakishuka katika miezi hii, watashusha bei na watakuwa na sababu. Weka pia akiba ya mishahara ya miezi sita kwenye akaunti, usiiguse. Mwenye kampuni anayesubiri fedha za mauzo ili alipe mishahara ya mwezi ujao atasaini chochote.

Hatua ya 7: Bei, malipo na kodi

Ofa mbili zinaweza kuwa na namba moja na zikawa tofauti kabisa. Tuseme bei ni Sh milioni 900. Wa kwanza analipa 800 siku ya kukabidhi, 100 inakaa kwenye akaunti ya amana, inayoshikwa na mtu wa tatu, mwaka mmoja kwa ajili ya madeni yatakayojitokeza. Wa pili analipa 450 sasa, na 450 kwa miaka miwili "kutegemea faida". Faida ya nani? Ukishauza, yeye ndiye anayepanga gharama. Atakubebesha sehemu ya pango la makao makuu, mshahara wa meneja mpya, magari, na faida yako itaisha kwenye karatasi. Kama malipo ya baadaye hayaepukiki, yapimwe kwa kitu unachoweza kukiona na kukisimamia: maduka mangapi bado yanatumia mfumo, kwa mfano. Binafsi nashauri hivi: kiasi cha siku ya kukabidhi kiwe ndicho unachokubali kuuzia, hata kama shilingi nyingine haitakuja.

Kuna kuuza hisa na kuuza mali. Ukiuza hisa zako ukiwa mkazi wa Tanzania, kodi ni asilimia 10 ya faida yako, na kwa kuwa hisa zako za mwanzo zilikuwa na thamani ndogo, karibu bei yote itahesabiwa kuwa faida. Kuna pia ushuru wa stempu wa asilimia 1. Mnunuzi akitaka kununua mfumo na mikataba tu akaiacha kampuni, kampuni ndiyo inayolipa kodi, asilimia 30 ya faida, na ukitoa kinachobaki kama gawio unakatwa tena asilimia 10. Mnunuzi hupenda kununua mali kwa sababu madeni ya zamani hayamfuati. Kama ndicho anachotaka, tofauti ya kodi iongezwe kwenye bei.

Lipo jambo ambalo wengi hulikuta mwishoni. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kampuni yenyewe huhesabiwa kuwa imeuza mali zake, na hasara za nyuma huenda zisitumike tena. Kodi hiyo inaangukia kampuni ambayo sasa ni ya mnunuzi, kwa hiyo mwanasheria wake atataka wewe uibebe. Mshauri wa kodi aikokotoe kabla ya barua ya nia.

Kwenye mkataba utatoa matamko mengi kuhusu hali ya kampuni. Yawekewe kikomo cha muda na cha fedha, na jumla ya madai isizidi kiasi ulichokwishalipwa. Kila kasoro unayoijua iandike kwenye kiambatisho. Ulichokitaja hakikudai.

Hatua ya 8: Vibali

Muungano wa kampuni unatakiwa kuarifiwa FCC, Tume ya Ushindani, pale ambapo mauzo au mali za pande zote mbili kwa pamoja zinafika Sh bilioni 3.5. Angalia hapo: za pande zote mbili. Kampuni yako ya milioni 288 ikinunuliwa na benki, kiwango kimeshavukwa na benki peke yake. Ni kosa kukabidhi kabla ya idhini, na mchakato unaweza kuchukua miezi. Kama mna leseni ya malipo ya Benki Kuu, mabadiliko ya umiliki yanapita huko pia. Mkubaliane kwenye mkataba nani analipa ada za FCC na nini kitatokea idhini ikikataliwa baada ya wewe kupoteza nusu mwaka.

Hatua ya 9: Wafanyakazi, kisha makabidhiano

Waambie wawili au watatu muhimu baada ya barua ya nia, wengine siku ya kusaini, wote kabla hawajasoma mtandaoni. Ukiuza hisa, mwajiri wao anabaki kampuni ile ile na mikataba inaendelea. Ukiuza mali, ajira zinakatika na kila mmoja ana stahiki zake, ikiwamo kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Waanzilishi wa Mailchimp walilaumiwa kwa sababu wafanyakazi hawakuwa na hisa siku ile bei ilipotangazwa. Tenga sehemu ya bei kwa waliokujengea kampuni, iandike kwenye mkataba ili ilipwe siku hiyo hiyo, na kodi yake ihesabiwe kama mshahara.

Siku ya kukabidhi, fedha ziingie kwanza kwenye akaunti, ndipo nywila na saini zitoke. Uhamisho wa hisa hausajiliwi BRELA bila uthibitisho wa TRA, kwa hiyo akaunti ya amana inafaa sana katikati. Halafu fuatilia mwenyewe kujiondoa: ukurugenzi BRELA, jina lako TRA kama mwakilishi wa kampuni, saini benki, usajili wa laini. La mwisho ni dhamana. Kama uliweka hati ya kiwanja chako cha Kigamboni kwa mkopo wa kampuni, au ulisaini kwa jina lako mkataba wa pango la ofisi ya Mikocheni, mnunuzi alipe mkopo au aweke dhamana yake badala ya yako, na hati irudi mkononi mwako kama sharti la kukabidhi.